Tairi kubwa za A/T na kunyanyua pua ya pikapu bila kuua gari: mwongozo kamili

Nianze na ujinga wangu mwenyewe. Nina Hilux Vigo dabo kebini ya fowili, ilikuja na tairi 265/65R17. Siku moja nikaona Hilux Revo imepaki kituo cha mafuta imenyanyuliwa mbele, tairi zimejaa kwenye matagadi, nikapagawa. Wiki ileile nikaingia gereji nikafungiwa 285/70R17 na spesa (vipande vya kuongeza urefu) za kunyanyua mbele 50mm, kila kitu siku moja, hakuna aliyepima chochote, si mimi wala fundi. Gari ikapendeza balaa.

Wiki mbili baadae nikaenda shamba Handeni nikapakia gunia 8 za mahindi nikaanza kurudi Dar usiku. Kuanzia Mkata mpaka Chalinze kila lori lililokuja mbele yangu lilinipigia fulu, mi nawatukana kimoyomoyo, kumbe taa zangu ndo zilikuwa zinapiga machoni mwao maana nyuma imekaa chini na pua iko juu kama boti. Usukani mwepesi hadi unaogopesha, na ule mteremko wa Wami nilikanyaga breki nikasikia kabisa kwamba gari inachelewa kusimama tofauti na zamani. Asubuhi nikainama chini nikakuta mpira wa sivijointi (kiungo kinachozungusha tairi ya mbele hata ikikata kona) ya kushoto umechanika na grisi imerushwa yote ndani ya rimu. Hapo ndo nikaanza kujifunza, na haya yafuatayo ndo ningependa mtu angeniambia kabla sijatoa hela. Nitatumia Hilux kama mfano kwa sababu ndo naijua, ila hesabu ni zilezile kwa Ranger, D-Max, L200 na ndugu zao.

Hatua ya kwanza: andika gari inafanya nini

Pikapu ikitoka kiwandani huwa nyuma iko juu kidogo kuliko mbele. Watu wanaona ni ubaya wa sura, lakini imewekwa hivyo makusudi ili ukipakia nyuma ishuke, gari ikae sawa, taa zimulike barabara na tairi za mbele zibaki na uzito wa kutosha kukata kona na kufunga breki. Sasa ukiinyanyua mbele mpaka ilingane na nyuma wakati gari ni tupu, unakuwa umekula ile nafasi yote, kwahiyo siku ukipakia, pua inaenda juu mbinguni. Kama gari yako ni ya ofisini na shopping na mara moja moja Bagamoyo na familia, sawa, lingana nayo tupu, hakuna atakayekufuata. Ila kama ni ya kubeba gunia, simenti, mbolea, matanki ya maji, basi leveli yako itafute gari ikiwa na mzigo.

Chukua karatasi andika vitu vitatu: mzigo unaobeba mara nyingi (sio ule mkubwa wa mara moja kwa mwaka), barabara unazopita kwa asilimia, na ni umbali gani uko mbali na mtu wa pancha. Mimi ilitoka hivi: gunia 5 mpaka 8, lami kama robo tatu ya safari, iliyobaki vumbi lenye rasta (yale mawimbi ya barabara) na mawe, na masika udongo mweusi wa mbuga. Karatasi hiyo ndo itakayokujibu kila swali huko mbele, usiitupe.

Hatua ya pili: pima

Paki sehemu tambarare kabisa, jaza upepo sawasawa, afu chukua futi ya chuma pima kutoka katikati ya kitovu cha rimu kwenda juu mpaka ukingo wa tagadi. Usipime kutoka chini ardhini, maana ukibadilisha tairi kile kipimo kitabadilika chote na hutajua nini kimenyanyuliwa na springi na nini ni tairi. Pima kona zote nne. Kushoto na kulia zikitofautiana zaidi ya sentimita moja tafuta kwanza sababu, inaweza kuwa springi imechoka au imekatika jani moja, na hilo hakuna spesa italitibu.

Halafu pakia mzigo wako wa kawaida upime tena. Yangu ilikuwa hivi: tupu, mbele 495mm nyuma 540mm. Na gunia 8 pamoja na watu wawili, mbele 500 nyuma 465. Ona hapo, kabla sijagusa chochote gari tayari ilikuwa na pua juu kwa 35mm ikipakiwa. Nikaongeza 50 mbele, ikawa 85. Mjinga nani sasa, lori au mimi?

Ongezea kitu kimoja, matao ya tagadi za mbele na nyuma hayajachongwa kwa urefu unaofanana kwenye gari zote, kwahiyo namba za futi peke yake haziambii kama gari imelala sawa. Weka pima maji ya fundi ujenzi juu ya ubao mrefu ulionyooka, ubao uegemee chini ya milango kwenye chesisi au kizingiti, hapo utaona mwinamo wa kweli.

Hatua ya tatu: saizi, na hesabu yake

Usiende dukani na sentensi ya "nataka kubwa". Namba za tairi zinasomeka hivi, 265 ni upana kwa milimita, 65 ni urefu wa ubavu kama asilimia ya ule upana, 17 ni rimu kwa inchi. Kipenyo unakipata kwa kuzidisha upana na asilimia, mara mbili (ubavu wa juu na wa chini), ukijumlisha rimu mara 25.4. Kwa 265/65R17 ni 265 mara 0.65 mara 2, inakuja 344.5, jumlisha 431.8, unapata kama 776mm. Nimekufanyia zingine:

265/70R17 ni kama 803mm
285/70R17 ni kama 831mm
265/60R18 ni kama 775mm
245/75R16 ni kama 774mm
265/75R16 ni kama 804mm

Kutoka 265/65R17 kwenda 265/70R17 kipenyo kinaongezeka 26.5mm, ila gari inanyanyuka nusu yake tu, 13mm na kidogo, kwa sababu nusu nyingine iko juu ya kitovu. Watu wengi wanachanganya hapa, wanadhani tairi ya inchi moja zaidi inanyanyua inchi nzima. Na kumbuka tairi ndo kitu pekee kinachonyanyua difu. Spesa na springi zinanyanyua bodi, lakini lile boga la difu la nyuma linabaki palepale na ndo linalogonga jiwe katikati ya njia.

Sipidomita nayo inadanganywa. Kwa 265/70R17 ikisoma 100 unakwenda kama 103.4 ukilinganisha na tairi za zamani, kwa 285/70R17 ni 107. Sipidomita nyingi zinatoka kiwandani zikisoma juu kidogo ya mwendo halisi, kwahiyo hiyo asilimia 3 mara nyingi inamezwa na usiione, lakini 7 haimezwi, na kwenye vile vijiji vya 50 trafiki mwenye tochi ya mwendo hatataka kusikia habari za kipenyo. Linganisha na GPS ya simu siku ya kwanza. Odomita pia itahesabu kilomita chache kuliko ulizotembea, kwahiyo ukipiga hesabu ya ulaji mafuta zidisha kilomita mara 1.034 kabla hujamlaumu mtu.

Kwa Hilux Vigo na Revo zenye rimu 17 mimi naona 265/70R17 ndo mahali pa akili. Inaingia, mara nyingi haigusi kitu au inagusa plastiki kidogo ukikata usukani mpaka mwisho huku gari imebonyea. 285/70R17 inaanza kudai: inakwaruza plastiki ya ndani ya tagadi kwa nyuma, kona ya bampa, na ile sehemu bodi inapokaa juu ya chesisi nyuma ya tairi ya mbele. Wapo wanaokata chuma pale na kuchomelea upya, na wapo wanaofanya vizuri tu, lakini hiyo sio kazi ya Jumamosi mchana. Afu spea. Tairi ya tano lazima iwe saizi ileile, na 285 chini ya bodi ya Hilux inabanana kweli, jaribu kabla hujalipa.

Kama una ile Vigo ya rimu za chuma zenye 205R16, angalia upana wa rimu kwanza. Rimu ya 6J (upana wa inchi 6) haifai kubeba 265, tairi inabinuka kama puto, kashata (meno ya tairi) za katikati zinaisha na pembeni ziko mpya. Kwa 265/75R16 unahitaji rimu ya 7J mpaka 8J. Ukinunua rimu angalia bolti 6 kwa duara la 139.7mm, tundu la katikati 106mm, na ofseti (umbali kwa milimita kutoka katikati ya upana wa rimu mpaka pale inapofungiwa). Rimu za kiwandani za aloi za Hilux ziko kama +30. Ukichukua za 0 au za minasi, tairi inatoka nje, matope yanarushwa mpaka kioo cha pembeni, bearing zinabeba zaidi, na kinyume na wengi wanavyodhani tairi inakwaruza ZAIDI, maana ikikata kona inachora duara kubwa. Kaa na +20 mpaka +30.

Na zote nne zilingane. Fowili ya Hilux ukiiingiza inafunga mbele na nyuma zizunguke pamoja, ukiwa na tairi mpya mbele na kipara nyuma, au saizi mbili tofauti, unapindisha gia mpaka kitu kivunjike.

Hatua ya nne: aina ya tairi

Kuna tairi za barabara (H/T), za matope (M/T), na katikati A/T, wenyewe wanaziita ol-tereni. Kwa karatasi yangu ya robo tatu lami, A/T haikuwa na mpinzani. M/T zina kashata kubwa zenye mapengo, kwenye tope zinajisafisha, lakini kwenye lami zinaimba kama nyuki, na mvua ikinyesha kwenye lami zinateleza mapema. Kuhusu udongo wa mbuga niseme ukweli, A/T ukiziba mapengo yake inakuwa kipara ndani ya mita hamsini, na M/T inafika mita mia mbili ndo inakwama. Tofauti yake ni umbali wa kutembea kwa mguu kwenda kutafuta trekta. Subiri jua.

Sasa soma ubavuni. Baada ya saizi kuna namba na herufi, mfano 112S. 112 ni uzito tairi moja inaobeba, kilo 1120, na 115 ni 1215, 121 ni 1450. Herufi ni mwendo wa juu, Q 160, R 170, S 180, T 190 kwa saa. Usishuke chini ya namba iliyoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Kupanda ruksa.

Ukiona LT mwanzoni au C mwishoni hiyo ni tairi ya gari la mzigo, imejengwa ngumu zaidi. Zile LT zinapangwa kwa C, D na E, mafundi wanaita plai 6, 8 na 10. Muuzaji atakwambia "chukua plai 10 mkuu, hii haiishi". Ni kweli haichaniki ovyo, ubavu unastahimili mawe na miiba, na kwa mtu anayekaa porini Kiteto au anayepita mawe kila siku ningesema chukua. Lakini LT ya 285/70R17 ya plai 10 inafika karibu kilo 25 moja, na hiyo ni uzito unaozunguka, yaani injini inausukuma na breki inausimamisha kila mara. Ile breki yangu ya Wami ilianzia hapa. Na gari ikiwa tupu inaruka kwenye rasta kama imefungwa matofali. Hilux haihitaji plai 10 kwa ajili ya uzito, hata 112 nne zinabeba kilo 4480 na gari yenyewe ikijaa haifiki tani 3 na nusu, kwahiyo unalipia ubavu tu. Amua kama mawe yako yanastahili.

Majina, BFGoodrich KO2 imejijengea heshima kwa ubavu mgumu, Yokohama Geolandar A/T ni ya kimya na laini kwa lami, kuna General Grabber, Cooper Discoverer, Bridgestone Dueler A/T, Maxxis. Zote ni tairi za kweli, tofauti zake ni ndogo kuliko tofauti ya upepo sahihi na upepo mbaya. Nyingine zina alama ya mlima wenye theluji ubavuni, ni ubora wa baridi kali, kwa sisi wa Dodoma na Handeni haiongezi kitu, usikubali iongeze bei.

Kabla ya kulipa tafuta neno DOT ubavuni, mwisho wake kuna namba nne ndani ya kiduara. 2219 maana yake wiki ya 22 ya mwaka 2019. Zipo upande mmoja tu wa tairi, kwahiyo mwambie azigeuze, asipotaka kuzigeuza umeshapata jibu. Mpira unazeeka hata ukilala stoo, na ukilala juani mbele ya duka unazeeka mara mbili. Mimi tairi "mpya" ya zaidi ya miaka mitatu siichukui, na mtumba wa zaidi ya miaka mitano sitaki hata bure. Angalia zote, sio moja, wanapenda kuchanganya.

Hatua ya tano: kunyanyua mbele

Hapa kuna vichekesho vya lugha. Kitu chenyewe kinaitwa leveling kiti, nilivyomwambia fundi wa kwanza akaanza kuangalia siti ya dereva. Sema "spesa za shokapu za mbele" mtaelewana.

Kwanza jua gari yako ina nini mbele. Hilux kuanzia Vigo ina shokapu iliyovaa koili springi, mikono miwili juu na chini. Hilux nyingi za zamani kabla ya 2005, D-Max za kwanza mpaka 2012 na Nissan Hardbody zina ile fimbo ya kujipinda, hizo hazihitaji spesa, unakaza bolti mbili chini na pua inapanda. Bei yake ni jasho tu, ila mipaka ya kunyanyua ni ileile nitakayosema. Land Cruiser mkonga ni habari nyingine kabisa, ina ekseli nzima mbele, funga ukurasa huu.

Njia ziko tatu.

Ya kwanza ni spesa inayokaa juu ya shokapu, kati ya shokapu na chesisi. Rahisi, haufungui springi, masaa machache kazi imeisha. Jambo la kushika ni kwamba shokapu imeshika mkono wa chini katikati ya safari, kati ya bushi (raba ya egemeo la mkono) na tairi, kwahiyo spesa ya 25mm inanyanyua gari kama 50mm. Mtu asiyejua ananunua spesa ya 50 akidhani atapata 50, anapata karibu 100 na kila kitu kinakatika. Ubaya wa spesa hii ni kwamba tairi ikining'inia inashuka chini kuliko ilivyokusudiwa, sivijointi na boljointi ya juu zinakunjwa kupita kiasi, na ikibonyea shokapu inaweza kugonga mwisho wake kabla ya ile raba ya kuzuia.

Ya pili ni spesa ya ndani inayobana springi. Hainingʼinizi tairi zaidi, ila springi inakuwa imekazwa na gari inagonga juu kila tuta. Na kuifungua springi kunahitaji kifaa cha kuibana. Ile nati ya katikati juu ya shokapu USIIGUSE bila kifaa hicho, springi iliyobanwa inaua mtu, sio maneno.

Ya tatu ni kubadilisha springi na shokapu zote, mfano Old Man Emu, Ironman 4x4 au Tough Dog, zote za Waaustralia ambao nao wana rasta na vumbi kama sisi. Wanauza springi kwa uzito, unawaambia mbele una bampa ya chuma au huna, nyuma unabeba kilo ngapi muda wote, wanakupa namba ya springi. Ghali, lakini kama shokapu zako zina kilomita laki na ushee ni kichekesho kuweka spesa juu ya shokapu iliyokufa.

Kuna njia ya nne, ya uchochoroni, vipande vya mpira kati ya koili, au chuma kilichochongwa na mtu ambaye hajui kinaenda wapi. Hapana.

Kiasi gani? Mbele usizidi 50mm jumla kwa gari yenye mikono ya kiwandani, na ukiweza baki 25 mpaka 40. Ukipita 50 unaanza kuhitaji mikono ya juu mipya na kushusha difu ya mbele ili sivijointi zinyooke, na kila kimoja kina bei.

Mimi mwisho nilitoa zile za 50, nikaweka springi za mbele zinazonyanyua 30, na nyuma nikaweka springi za mzigo wa kudumu. Leo tupu inasoma mbele 525 nyuma 565, bado imeinama mbele, picha haipendezi kihivyo. Na gunia 8 inasoma 528 na 505. Hakuna lori lililonipigia fulu tena.

Hatua ya sita: siku ya kufunga

Simama pale pale, usimwachie fundi ukaenda kula chipsi. Gari ikae kwenye stendi zilizowekwa chini ya chesisi, sio jeki peke yake. Zinafunguliwa linki za stabilaiza, nati tatu za juu ya shokapu na bolti ya chini. Akiona haitoki asivute kwa nguvu huku waya wa ABS na bomba la breki vimenyooka kama kamba ya nguo, afungue vibanio vyake kwanza. Nilishaona bomba la breki linavutwa mpaka linabadilika rangi na fundi anapiga stori.

Kitu ambacho karibu kila gereji wanakosea: bolti za bushi za mikono zikazwe mwisho gari ikiwa imesimama kwa tairi zake chini. Ukizikaza tairi zikining'inia, raba ya bushi inashikwa katika mkao wa kunyongwa, ukishusha gari inajipinda, miezi michache imechanika unaanza kusikia koko koko.

Baada ya kufunga, kata usukani mpaka mwisho kushoto, ingia chini na tochi ya simu, angalia nafasi kati ya tairi na mkono wa juu, chesisi, plastiki, bampa. Kidole kimoja kipite kila mahali. Kulia hivyohivyo. Halafu panda tairi moja ya mbele juu ya tuta au rampu huku umekata kona, urudie, maana gari inayopita vizuri gereji inakwaruza kwenye korongo. Plastiki inayogusa kidogo inasukumwa kwa moto wa taratibu au kukatwa. Chuma kikigusa, rudi nyuma kwenye saizi.

Siku hiyohiyo nenda wili alaimenti. Sio kesho. Ukinyanyua mbele, kemba, kasta na too (pembe za mkao wa tairi) zote zinahama. Kasta ikipungua gari inatangatanga kwenye lami na usukani haurudi wenyewe baada ya kona. Too ikiwa mbaya tairi inaliwa ndani, na ndani huioni mpaka nyuzi zimetoka, tairi yangu ya kwanza ya 285 ilikwenda hivyo kwa miezi minne. Dai karatasi ya kabla na baada, kushoto na kulia zilingane. Mashine ikisema kasta haifiki na bolti za mkono wa chini zimegeuzwa mpaka mwisho, ujue umenyanyua sana.

Taa. Paki mita 10 kutoka ukutani, weka alama za mwanga kabla ya kazi kwa utepe, baada ya kazi zirudishe pale pale kwa ile skrubu nyuma ya taa. Fanya hivi gari ikiwa na mzigo wa kawaida ndani. Dakika kumi, na unaheshimu macho ya wenzako.

Nati za rimu zikazwe upya baada ya kilomita 50 mpaka 100, kwa spana ya kipimo kama ipo.

Hatua ya saba: upepo

Watu wananunua tairi za milioni na kujaza upepo kwa kupiga teke. Anzia namba za kibandiko cha mlangoni kama tairi ni ya kawaida. LT inahitaji kidogo zaidi kwa mzigo uleule, ongeza kama PSI 4 mpaka 6 halafu jipime mwenyewe (namba zote za upepo hapa ni PSI). Kipimo ni cha asubuhi tairi ikiwa baridi. Endesha saa nzima lami, pima tena: tairi ya kawaida ikipanda kama 4 na LT kama 6 uko sawa. Ikipanda zaidi ulianza na upepo mdogo, tairi inabonyea na kuchemka, ikipanda kidogo mno ulijaza kupita. Njia nyingine, chora mstari wa chaki kukatiza kashata, tembea mita mia moja ukiwa umenyoosha, uangalie imefutika wapi. Katikati tu, punguza. Pembeni tu, ongeza.

Kwenye rasta nikiwa tupu nashuka mpaka 26 au 28 na mwendo unashuka pia, gari inatulia hadi unashangaa. Mchanga 18 mpaka 20, taratibu, usikate kona kali tairi isije ikavuka rimu. Na mzigo sishushi hivyo. Kwahiyo kompresa ndogo ya kuchomeka kwenye betri inakaa chini ya siti pamoja na pini za pancha, na kurudi lami kitu cha kwanza ni kujaza.

Zungusha tairi kila kilomita 8,000 hivi, spea nayo iingie kwenye mzunguko. Ukiwa chini hapo shika mpira wa sivijointi kwa mkono, uuminye na kuuzungusha, angalia mikunjo yake ya ndani. Ufa mdogo wenye unyevu wa grisi ni mpira tu na bendi mbili. Ukisubiri mpaka usikie tak tak tak ukikata kona, hiyo tayari ni sivijointi nzima.